Upande wa Kushoto wa Papa Bisimwa

Kwenye matanga ya Papa Bisimwa, Deo alisimama akasimulia tena uongo ule ule, na mimi nilikaa kwenye kiti cha plastiki, safu ya pili, nikamsikiliza mpaka mwisho. Nauita uongo kwa sababu nina hasira. Deo mwenyewe anauamini tangu siku ya kwanza. Kwamba Papa Bisimwa, bingwa wa dama wa Zaire nzima, mtu aliyelipwa mshahara kwa kucheza dama na si kwa kazi nyingine yoyote, hakuwahi kushindwa na mtu hapa Afrika Kusini. Kwamba mara moja tu, huko Glenwood, mzungu mmoja alimfanyia hila kwa kushika kete isiyo yake, mchezo ukaharibika, na Papa, kwa heshima zake, akaamua kuacha dama moja kwa moja. Watu waliguna. Mama mmoja nyuma yangu alisema wazungu ni wale wale. Kisha wakaniomba na mimi niseme neno, kwa kuwa mimi ndiye niliyekaa naye nyumba moja, na yeye mwenyewe alinitambulisha kila mahali kuwa ni mtoto wake. Nilisimama, nikawashukuru kwa kufika, nikasema chakula kiko tayari. Nilipokaa nilijidharau sana. Ujana ningeweza kuutumia kama kisingizio zamani, lakini sasa nina wajukuu, na bado nilinyamaza. Ndiyo maana naandika.

Mwaka wenyewe ni tisini na nane. Nilikuwa na miaka ishirini, nimefika Durban miezi michache nyuma kwa njia ambazo sitazieleza hapa, kwa sababu kila mtu wa kwetu anazo zake. Nyumba ilikuwa Glenwood, ya zamani, yenye sakafu ya mbao iliyooza karibu na bafu, na vyumba vilivyopangishwa kwa watu wasiojuana. Juu walikaa wanafunzi wa chuo waliopiga muziki na kupika tambi tu. Chini tulikaa sisi. Mimi nililala kwenye chumba kilichokuwa stoo, na Papa Bisimwa alikuwa na veranda ya mbele, ambayo mwenye nyumba aliizungushia vioo akaiita chumba. Jua likitoka lilimwingilia moja kwa moja kitandani, na mvua ikinyesha alisogeza kitanda katikati. Hakuwa ndugu yangu. Alinikuta kanisani, nimebaki benchi la mwisho watu wote wameshatoka, akaniuliza mara ya mwisho nilikula lini. Nilifikiri nikashindwa kukumbuka. Akasema basi twende, na njiani hakuniuliza kitu kingine.

Vijana wananiuliza mwaka ule nilijisikiaje. Sikujisikia chochote. Nilikuwa nimekufa ganzi, na sisemi hivyo kutafuta huruma. Nilisuka nywele katika saluni moja Greyville toka asubuhi mpaka jioni, wateja wakanisimulia habari za waume zao nami nikaitikia panapostahili kuitikia. Siku moja nilijimwagia yale maji ya kuchovyea rasta, nikaona ngozi inabadilika rangi ndipo nikajua kwamba yalikuwa ya moto. Mwenye saluni alipiga kelele kuliko mimi. Jioni nilirudi nyumbani, nikapika bugali wa ule unga mweupe wa huku, na mboga, na samaki wa kopo, tukala mimi na Papa kwenye meza ya jikoni bila maneno mengi. Yeye alikuwa ametoka kulinda magari kwenye maegesho ya maduka kule Berea, na kizibao chake cha rangi ya machungwa kilining'inia nyuma ya mlango. Alikula taratibu, alinawa, kisha alikunjua ubao.

Ubao wenyewe ulikuwa mlango wa kabati la jikoni uliong'oka bawaba. Alikuwa ameuchora vyumba mia moja kwa kalamu ya wino, kwa sababu dama yake ilikuwa ile kubwa ya mashindano, yenye kete ishirini kila upande, na aliwaonea huruma wanaocheza ile ndogo. Kete zilikuwa vizibo vya soda: zake zimelala chali, zangu kifudifudi. Alinifundisha nadhani kwa sababu sikuwa naongea, na dama haihitaji maneno. Kanuni ya kwanza aliyonifundisha ni ya kupuliza. Ukiwa na nafasi ya kula kete ya mwenzako, huna hiari, lazima ule. Ukisahau, au ukijifanya hukuona, mwenzako anaiokota kete yako iliyopaswa kula, anaipuliza kidogo kana kwamba anaitoa vumbi, anaiweka nje ya ubao. Hasemi neno. Huko ndiko kupulizwa, na kwetu ni aibu kuliko kushindwa, maana aliyeshindwa amezidiwa akili, lakini aliyepulizwa hakuangalia. Alinipuliza mara nyingi sana wiki zile za kwanza. Yeye, tangu awe mtu mzima, hakuwahi kupulizwa na mtu yeyote, na hilo alilisema bila majivuno, kama mtu anayekutajia kabila lake.

Habari za kazi yake nilizipata vipande vipande, kati ya mchezo na mchezo. Kampuni moja ya bia Bukavu ilimwajiri akiwa kijana, kwenye karatasi akiandikwa karani, lakini ofisini hakuwahi kukalia kiti. Kazi yake ilikuwa kucheza. Asubuhi alisoma vitabu vya dama vya Kifaransa, mchana akacheza na wale waliolipwa kumsumbua, jioni akarudia michezo yote kichwani. Kampuni ilimpa nyumba yenye bustani na ikabandika picha yake kwenye kuta za baa. Alipanda ndege kwenda Kinshasa kutetea ubingwa, akaenda Abidjan, akaenda Dakar, na mara moja alifika Uholanzi, ambako mabingwa wa dunia walimwamkia kwa jina. Kule alikula samaki mbichi kwa adabu, akalala njaa. Nilimwuliza alijisikiaje kuwa bingwa. Akasema ilikuwa kazi, kama kushona viatu, ila mtu akishona viatu vizuri hakuna anayembeba mabegani. Alipofika Durban na kujaza fomu za ukimbizi, penye kazi aliandika mchezaji. Ofisa alikata neno lile kwa kalamu, akaandika hana. Papa alilirudia jambo hilo mara kwa mara, na kila mara sauti ilishuka.

Jumapili baada ya ibada tulishuka Greyville, kwenye duka la simu la Deo. Deo ni Mrundi, mwembamba, mwenye mdomo usiotulia, na wakati ule alikuwa amejipa mwenyewe cheo cha meneja wa Papa. Alitoa meza nje, karibu na robot, zile taa za barabarani, akakusanya watu: Wakongo, Warundi, fundi redio mmoja wa Kigoma, wakati mwingine Wazulu waliosimama kuangalia na kucheka lugha yetu. Papa alicheza nao mmoja mmoja. Deo alitangaza mchezo kwa sauti kama mtangazaji wa mpira, akataja ndoa ya mchezaji, kazi yake, na jinsi anavyokwenda kuaibika leo mbele ya shemeji zake. Papa hakuwahi kutabasamu akiwa mezani. Alishinda, akasimama, akanunua soda, na mimi nikaondoka na vizibo kufidia vilivyopotea. Zile ndizo saa pekee za wiki nilizoweza kusema nilikuwa mahali fulani.

Asubuhi ya Jumatatu ya Pasaka nilimkuta amekaa kwenye ngazi za mbele, kofia mkononi. Alisema kichwa kimemuuma usiku kucha lakini sasa kimetulia. Alitamka maneno pole pole, nikadhani ni usingizi. Alipumzika siku mbili, siku ya tatu akaenda kazini. Jioni ile nilimwekea chakula kama kawaida, akala, akanawa, akaniambia siku hizi ninampimia kidogo. Nikaangalia sahani. Alikuwa amekula nusu tu, nusu ya kulia, sawasawa kama aliyekata kwa kisu. Upande wa kushoto bugali ulikaa mzima na samaki wake juu. Hakuwa anatania. Nikachukua sahani kama ninayeongeza, nikaigeuza, nikamrudishia. Akasema aksanti, akala yote.

Kuanzia hapo nikawa naona. Ndevu alinyoa shavu la kulia, la kushoto likabaki na mvi zake. Mkono wa kushoto wa shati haukufungwa kifungo. Siku nyingine alikuja mkono ule ukiwa na mchubuko mrefu, akasema watu wa huku wanapita na magari yao bila honi, kioo cha gari kimemgonga na hakuliona linatoka wapi. Na ubaoni, jioni ya wiki ile ile ya Pasaka, nilicheza vibaya nikamwachia kete upande wake wa kushoto, ya kuliwa, wazi kabisa, hata aliyejifunza jana angeila. Papa akasogeza kete ya kulia. Nikangoja. Akaniangalia, akaniambia nicheze. Kanuni ilikuwa mbele yangu: nyoosha mkono, okota kete yake, puliza. Mkono wangu ulikuwa umeshafika katikati ya ubao. Nikausogeza pembeni, nikacheza kete nyingine, na kile kizibo kikabaki pale mpaka mwisho wa mchezo kana kwamba si chake wala si changu.

Leo tunajua jina la ugonjwa ule. Wanangu wameniambia kwamba kiharusi kidogo kinaweza kumfutia mtu upande mmoja wa dunia, na macho yake yakawa mazima, na yeye mwenyewe asijue kwamba kuna kilichopotea. Wakati ule sikujua jina, lakini nilijua jambo, na kutojua jina hakunisafishi. Kwa nini sikusema? Nimejipa majibu mengi. Nilisema ni heshima, binti hawezi kumpuliza baba. Nilisema ni huruma. Ukweli ni kwamba kabla ya kuja Durban nilikuwa nimeshabeba habari moja mbaya, nikaifikisha kwa mikono yangu kwa mtu aliyekuwa anacheka niliposukuma mlango, na tangu siku ile niliapa kwamba mimi si mtu wa kufikisha tena. Kugeuza sahani kulikuwa rahisi. Mtu aliyekufa ganzi anaweza kugeuza sahani miaka kumi.

Nikamlinda hivyo miezi minne. Nilikaa kushoto kwake njiani. Nilimfunga kifungo cha mkono nikisingizia uzi umelegea. Ubaoni nilijifunza kupanga kete zangu kiasi kwamba mambo yote yatokee upande wa kulia, na kazi hiyo ilinifanya nicheze vizuri kuliko nilivyotaka. Kule kwa Deo nilitegemea wangemgundua Jumapili ya kwanza. Hawakumgundua. Upande wa kulia alikuwa bado bingwa na wale wengine walikuwa watu wa kawaida. Alipoacha kete ya kuliwa, fundi wa Kigoma aliitazama, akaitazama tena, akavuta pumzi ya kupuliza, kisha akasita. Bingwa ameacha kete. Lazima ni mtego. Deo akamtania kwamba ameona mzimu. Yule fundi akacheza mbali na mtego ambao haukuwepo, akashindwa, akampa Papa mkono wa pongezi. Watu walisema mzee siku hizi anacheza dama ya ajabu. Nilisimama nyuma nikishika mfuko wa vizibo.

Mzungu wa hadithi ya Deo alikuwa Mholanzi, mwalimu wa hesabu aliyestaafu, anaitwa Piet, mwenye miguu mirefu na sweta lililotoboka kiwiko. Aliegesha gari kwenye maegesho ya Papa akamkuta amechora ubao kwenye kipande cha boksi. Papa hakuwa na Kiingereza, Piet hakuwa na Kifaransa cha maana, lakini vyumba vya dama kubwa vina namba, na wachezaji wa dunia nzima huandika mchezo kwa namba hizo. Piet akasema namba mbili, ya chumba kete inakotoka na ya chumba inakokwenda. Papa akajibu kwa mbili. Walisimama juani hivyo, wakitajiana namba, mpaka mwenye gari jingine akapiga honi. Kisha Piet akauliza jina lake, akalisikia, akalirudia, akaegemea gari. Alikuwa amelisoma zamani katika gazeti la dama la kwao.

Papa alirudi jioni ile na uso ambao sikuwa nimewahi kuuona. Alinieleza kwa utulivu, lakini alikuwa amesahau kuvua kizibao. Piet alitaka wacheze nyumbani kwake, kwa saa na kwa kuandika, mchezo rasmi. Akiridhika kwamba Papa bado ni yule yule, angewaandikia wenzake wa Uholanzi. Huko wangeweza kumwalika, na mwaliko wa aina hiyo una barua, na barua ile ingeandikwa kazi yake ni nini. Deo aliposikia alishika kichwa. Akasema, “Eish, Papa, huyu muzungu atakutoa kwa hii parking kabisa.” Papa akamwambia apunguze sauti. Mimi nilipiga pasi shati jeupe. Nilikuwa na siku tisa za kusema, na kila siku nilipanga kusema baada ya chakula.

Mchezo ulikuwa Jumamosi, saa nane mchana, katika sebule ya Piet iliyojaa vitabu, mitaa mitatu tu kutoka kwetu. Palikuwa na ubao wa kweli, kete za mbao za rangi mbili, na saa yenye nyuso mbili, kila mchezaji na wake. Piet alitupa chai na keki ya maziwa. Deo alikuja na fundi wa Kigoma kama shahidi, wakakaa kwenye sofa wakiogopa kulichafua. Mimi niliwekwa kiti katikati ili nitafsiri, kwa Kiingereza cha shule na cha saluni. Nilisahau kupanga jambo moja: kuhamisha kiti cha Papa ili ubao wote ukae kulia kwake. Dirisha, meza, Piet, vyote vilikuwa vimekaa vile, na kushoto kwake kulikuwa na ukuta mtupu.

Alicheza vizuri mno. Nilikuwa nimejifunza kiasi cha kuona, na niliona Piet anaanza kujishika masikio. Chai ikapoa. Kisha Piet, kwa kubanwa kulia, akakosea kushoto: aliacha kete mbili mfululizo, na kete moja ya Papa ingezila zote mbili na kwenda kusimama mahali ambapo hakuna wa kuizuia. Ndio ungekuwa mwisho wa mchezo. Papa akatazama ubao muda mrefu, akasogeza kete ya kulia, akabonyeza saa.

Piet akangoja. Akasimamisha saa, akaniambia kwa upole nimkumbushe bwana mkubwa kwamba ana kete ya kula. Kwenye kanuni zao rasmi kupuliza kulishafutwa siku nyingi. Aliyesahau anakumbushwa tu, anarudisha kete yake na kula. Nikasema, “Papa, anasema iko ya kula.”

“Wapi?”

“Kushoto.”

Akaangalia. Macho yake yalifika katikati ya ubao yakageuka kurudi, kama mtu aliyefika mwisho wa njia. Akasema, “Haiko kitu.” Piet alidhani ni adabu au ni mzaha wa mabingwa. Akanyoosha mkono wake mrefu, akagusa kete ya Papa kwa kidole, akaonyesha njia: hapa, na hapa. Kwetu hakuna anayegusa kete ya mwenzake ila kwa kuipuliza. Deo alikuwa ameshasimama. Alisema kwa nguvu kwamba mzungu ameshika kete ya Papa, tumeona wote. Papa hakumsikia. Aliufuata ule mkono, kiwiko, sweta lililotoboka, akageuza shingo taratibu mpaka kidevu kikafika juu ya bega, na hapo nikaona kwamba ameona. Kisha akanyoosha mkono wa kulia, akaiokota kete yake mwenyewe, akaipuliza, akaiweka mezani kando ya kikombe. Akasimama akamwinamia Piet kidogo.

Piet alianza kuongea haraka: kwamba hapana, si lazima, ale tu, kwamba akila anashinda, nimwambie hivyo, tafadhali nimwambie anashinda. Sikutafsiri hata neno moja. Deo alikuwa anapiga kelele za wizi, fundi wa Kigoma anamvuta, na mimi nilikusanya kofia ya Papa na kumfungulia mlango.

Njiani nilitembea kushoto kwake kama kawaida. Deo alikuwa ametangulia, amekwenda Greyville kuanza kusimulia. Tulipita nyumba mbili tatu. Papa akasimama, akageuka mzima, mwili wote, mpaka akaniona.

“Tangu wakati gani?”

“Tangu Paska.”

Akahesabu. Nilimwona anahesabu, sahani, vifungo, Jumapili zote. Hakukasirika, na ningependa angekasirika.

“Basi tangu Paska niko nacheza peke yangu,” akasema.

Wiki iliyofuata alikula chumbani kwake. Nilisikia kijiko kikigonga sahani, kikinyamaza, kisha sahani ikizungushwa mezani, kijiko kikianza tena. Alikuwa ameshajua kuigeuza mwenyewe. Nililala nikiangalia dari, nikaenda saluni, nikasuka. Deo alinieleza hadithi yake ikiwa tayari imekamilika, na nilipofungua mdomo aliniambia nisiwatetee wazungu. Papa aliishi miaka mingi baada ya hapo, akauza kadi za simu pamoja na Deo kwenye duka lile lile, akasimamia ndoa za watu na ubatizo wa watoto, na kila Deo alipoanza habari ya Glenwood yeye aliinuka kwenda kuchemsha chai. Hakumsahihisha hata siku moja. Labda alimhurumia Deo. Labda uongo ule ulikuwa ni mahali pa kukaa. Sikuwahi kumwuliza, kwa kuwa baada ya Jumapili ninayoisimulia sasa hatukulizungumza tena.

Jumapili hiyo, mwisho wa wiki ile, Piet alikuja mwenyewe, kwa miguu, ameshika karatasi. Nilimpitisha jikoni. Papa alitoka verandani akiwa na kandambili, akamkaribisha, tukakaa watatu mezani. Piet akanyoosha karatasi: mchezo wote, namba kwa namba, na chini mchoro wa ubao ulivyokuwa kabla ya Papa kupuliza. Alisema amekosa usingizi. Alisema kwa kanuni mchezo haujaisha, saa ilisimamishwa, nafasi ya Papa iko pale pale nayo ni ya ushindi, na yeye anaomba warudi wamalize, kisha ataandika barua yake kwa furaha. Safari hii nilitafsiri kila neno, hata yale ambayo siku ile niliyameza. Nilimwambia Papa kwamba angeshinda. Alisikiliza akiutazama mchoro. Aliugeuza kwa kidole, mara upande huu, mara ule, akipata nusu na kupoteza nusu.

Kisha akaniuliza mimi, si Piet.

“Nikirudi pale, nitaona?”

Niliogopa. Mwaka mzima sikuwa nimeogopa kitu, hata magari. Barua ile ilikuwa ndani ya jibu langu. Ningesema ndiyo, ningehamisha kiti chake, ningekaa pale nikikohoa pale panapotakiwa, tungefika hata Uholanzi kwa kukohoa. Alikuwa ananiangalia kama wagonjwa wanavyouangalia mlango wa daktari.

“Hapana, Papa,” nikasema. “Hutaona.”

Akapumua. Akaikunja ile karatasi mara mbili, akaisukuma polepole kwa mwenyewe.

“Mwambie,” akasema. “Mwambie yote.”

Nikamwambia Piet kwa Kiingereza changu kibovu: kwamba Papa haoni upande wa kushoto wa kitu chochote, kwamba ilianza Pasaka, kwamba hakujua, kwamba mimi nilijua. Piet hakusikia vizuri, au hakutaka kusikia, akaniomba nirudie. Nikarudia, taratibu, kwa sauti, nikilia, na Papa Bisimwa ambaye hakujua Kiingereza alikuwa akiitikia kwa kichwa kila neno mpaka nilipofika mwisho.